Matairi ya tela la kulala: nichague ya aina gani?

Mama wa Fuoni

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Mimi na ndugu zangu watatu tulinunua karavani iliyotumika Uingereza, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, yenye vitanda vya watu wanne, jiko la gesi la plati mbili na tangi la maji la lita 40. Ina ekseli moja, kwa hiyo matairi ni mawili tu pamoja na spea. Nia yetu ilikuwa kuwapeleka watoto pwani wakati wa likizo za skuli bila ya kulipia nyumba za wageni, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri: Kizimkazi tumekwenda, Matemwe tumekwenda.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukielekea Paje, baada ya kuupita msitu wa Jozani tairi la kushoto lilipasuka. Sisemi pancha. Lilipasuka kwa kishindo, ule mkanda wa juu wenye meno ukabanduka na kupiga sakafu ya tela mpaka ukatoboa ubao chini ya kabati la vyombo. Kilichonishangaza ni kwamba tairi lile lilikuwa na meno kama jipya, na asubuhi ile ile kabla ya kuondoka nilikuwa nimelitazama kwa macho yangu.

Fundi pancha aliyetusaidia alitufungia matairi mawili ya gari ndogo, yaliyokwishatumika, akayajaza upepo wa 30 (psi) na kutuambia kwamba tela halina injini, kwa hiyo tairi lolote linafaa mradi liingie kwenye ringi. Tulifika salama, alhamdulillah, lakini tangu siku ile naliona tela limeshuka kidogo, na kila basi linapotupita upande wa pili wa barabara linayumba kuliko zamani.

Kwenye kibao cha bati karibu na mlango imeandikwa kwamba uzito wa juu kabisa ni kilo 1,400. Tairi lililopasuka limeandikwa 185R14C 102/100, na haya tuliyofungiwa yameandikwa 185/70R14 88T. Inshaallah mwezi wa Disemba tunakusudia kulivusha kwa meli hadi Mkoani, Pemba, na kulikokota mpaka Vumawimbi. Kaka yangu anataka tununue matairi yenye meno makubwa ya kupitia mchangani, na shemeji yangu amesoma kwamba yapo matairi maalumu ya matela ambayo huagizwa kutoka Marekani. Mimi nataka kujua la kufanya kabla ya kutoa fedha.

---

Baharia wa Nungwi

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa mtihani huo.

Mimi ninakokota boti ya mita sita kwa tela, na tangu nilipoacha matairi ya gari ndogo nikafunga ya Hiace sijapata tena kupasukiwa. Nayanunua ya mtumba, yale yanayokuja na meno mazuri, na bei yake ni nafuu sana kuliko mapya. Kuhusu mchanga, mimi hupunguza upepo mpaka 25 ninapoingia ufukweni, na tela hupita bila ya kuzama.

Jambo moja ambalo watu husahau ni beringi. Ukisimama njiani, shika katikati ya gurudumu kwa kiganja. Ikiwa pana moto usiovumilika, basi tairi nalo linapikwa kutoka ndani, hata kama limefungwa jipya jana.

---

Fundi wa Chake Chake

Mwanangu, nimefungua na kufunga matairi hapa Chake kwa zaidi ya miaka 25, na naomba nianze na hesabu kabla ya ushauri, kwa sababu hesabu yenyewe inatosha kukutisha.

Ile 88 iliyoandikwa kwenye matairi uliyofungiwa ni namba ya uzito, na maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja. Mawili ni kilo 1,120. Tela lako likijaa lina kilo 1,400, na hata tukitoa kilo 80 hivi zinazolala kwenye ndoano ya gari, ekseli inabakiwa na kilo 1,320. Umekuwa ukitembea na kilo 200 za ziada, tena kwa upepo wa 30, ilhali kilo 560 hizo huhesabiwa tairi likiwa na upepo wake kamili. Herufi T inayofuata ni ya mwendo, kilomita 190 kwa saa, ambao tela lako halitauona na tunaomba Mungu lisiuone.

Sasa lichukue tairi lililopasuka. Namba 102 ni kilo 850. Hiyo 100 iliyo baada ya mkwaju (/) ni kilo 800, na inahusu gari zinazofungwa matairi mawili mawili kila upande wa nyuma kama malori, wewe iache. Matairi mawili ya 102 yanabeba kilo 1,700, kwa hiyo yalikuwa na akiba ya kutosha, na aliyelichagua kwa ajili ya tela lako alijua anachokifanya. Herufi C baada ya 14 ndiyo inayolitambulisha kuwa ni tairi la gari za biashara, na ubavu wake ni mgumu kuliko wa tairi la gari ndogo. Ubavu huo ndio unaolizuia tela kuyumba linapopigwa na upepo wa basi. Na kushuka ulikokuona si mawazo yako: 185/70R14 ina kimo pungufu ya 185R14C kwa sentimita tatu na nusu hivi, kwa hiyo tela limekaribia ardhi kwa karibu sentimita mbili.

Kama aina yake ilikuwa sahihi, kwa nini likapasuka? Nakuomba utafute mabaki yake, ulale chini na tochi ikibidi, kwa sababu maandishi haya mara nyingi huwa upande mmoja tu na huenda yalielekea ndani. Utaona herufi DOT, kisha mfululizo wa herufi na namba, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Uniletee tarakimu hizo kabla sijasema zaidi, lakini jawabu nalikisia. Tairi la gari linalotembea kila siku hulika meno kabla halijazeeka. Tela hukaa chini ya mwembe miezi minane, jua linapiga upande mmoja, uzito wote umelala pale pale, na mpira unakauka na kupasuka nyufa nyembamba kama za ukingo wa kikombe cha zamani, ilhali meno yote yapo. Ndiyo maana mtazamo wako wa asubuhi haukukuonesha kitu: ulitazama meno, na ugonjwa ulikuwa ubavuni na ndani.

Kaka yangu wa Nungwi nimemsoma na mengi aliyosema ni kweli, hasa la beringi, nami naongeza kwamba breki ya tela inayobana bila ya kuachia huleta moto ule ule. Ila kwa matairi ya mtumba sikubaliani naye. Tairi linaloachwa na mwenyewe Japani au Ulaya likiwa na meno mazuri, mara nyingi limeachwa kwa sababu ya umri, na kwa gari la mjini pengine utasamehewa. Kwa tela lenye ekseli moja hakuna tairi la pili la kukushikilia likiondoka lile. Na kuna wanaoyapaka dawa yakang'ara, na wengine huyachonga meno upya kwa kisu cha moto mpaka wanakaribia waya. Tairi la namna hiyo usilikubali hata ukipewa bure.

---

Mpemba wa Ughaibuni

Assalamu alaykum nyote. Niliishi Marekani miaka 11, na huko nilikuwa na tela la kulala lenye ekseli mbili, kwa hiyo naweza kueleza hayo matairi ambayo shemeji yake dada ameyasoma.

Yapo kweli. Huandikwa ST mwanzoni, kwa mfano ST205/75R14, na herufi hizo zina maana ya tela maalumu. Yanatengenezwa kwa kuzingatia kwamba gurudumu la tela halisukumi wala halikati kona kwa usukani, linafuata tu. Kwa hiyo ubavu wake umekazwa zaidi ili ubebe uzito na usipinde pembeni, na meno yake ni mafupi kidogo ili lisipate moto. Mengi yao, hasa ya zamani, yalitengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105, isipokuwa pale ilipoandikwa mwendo mwingine ubavuni. Huko barabara ni ndefu na watu hukimbia, na majira ya joto kando ya barabara kuu utaona vipande vya mpira vya matela vimetapakaa.

Tahadhari yangu ni hii. Kwa Wamarekani, baada ya kipimo huja herufi ya daraja la uzito: C ni sawa na plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Hesabu hiyo ya plai siku hizi ni cheo cha nguvu tu, kwani ukilipasua tairi hutakuta tabaka sita wala nane. Sasa C yao si C ya Ulaya aliyoieleza Fundi. ST205/75R14 ya daraja C hubeba kilo 798 kwa upepo wa 50, ambao ni uwezo pungufu kidogo ya lile tairi lako la 102. Kwa hiyo shemeji akiagiza kwa kuangalia herufi C peke yake atalipa nauli ya meli, atasubiri miezi, na atapokea tairi linalobeba kidogo kuliko la Hiace linalouzwa hapo Unguja, tena akiwa hana uhakika limekaa ghalani tangu mwaka gani.

Mimi nisingeagiza. Faida ya ST inaonekana kwenye matela mazito ya ekseli mbili ambayo yakikata kona huburuta matairi pembeni kwa nguvu. Kwa tela la kilo 1,400, tairi la C la Ulaya au Asia linatosha kabisa.

---

Mama wa Fuoni

Nawashukuru sana, na ami yangu Fundi nimekutii. Mabaki ya tairi tuliyaacha kwa yule fundi pancha, lakini lile la kulia, ambalo lilinunuliwa pamoja nalo, lipo nyumbani. Nililigeuza, na kweli maandishi yalikuwa upande wa ndani: 2213. Nikiisoma kama ulivyonielekeza ni wiki ya 22 ya mwaka 2013. Nikalikunja ubavu kwa mikono, nyufa zikafunguka zile nyembamba, nyingi, zimezunguka ringi nzima. Spea, ambayo hatujawahi kuigusa, ni ya mwaka huo huo.

Pia tulipata nafasi ya kupima kwenye mizani ya ghala moja la mizigo, gurudumu moja moja, tela likiwa limepakiwa kila kitu kama siku ya safari. Upande wa kulia ulikuwa kilo 610 na wa kushoto kilo 700. Mshangao wangu ulikuwa huo wa kushoto, mpaka nilipokumbuka kwamba tangi la maji, jiko, mtungi wa gesi na kabati la vyombo vyote viko upande huo. Na lililopasuka ni la kushoto.

Naomba sasa mniambie upepo. Kibandiko cha upepo kilichokuwa mlangoni kimefutika, na kila ninayemuuliza ananitajia namba yake.

---

Fundi wa Chake Chake

Ahsante kwa kupima, mwanangu; wenye matela wachache hufanya hivyo, na kipimo cha jumla kingekuficha haya. Gurudumu lenye kilo 700 lilikuwa limefungiwa tairi la kilo 560. Sihitaji kuongeza neno.

Nunua 185R14C yenye 102 au zaidi, mapya, matatu kwa pamoja ili na spea iwe ya rika moja. Dukani usisome jina la kampuni kwanza, soma tarakimu nne; likiwa limekaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu dukani omba jingine au omba upunguziwe. Kuna 195R14C pia, ambayo kwa kawaida ni 106, kilo 950 kwa tairi. Inaweza kuingia kwenye ringi yako, lakini ni nene zaidi, kwa hiyo kabla ya kuichukua pima nafasi iliyopo kati ya tairi na mkingo wa tope, tela likiwa limepakiwa. Na ringi nayo ina mpaka wake wa uzito, ambao mara nyingi hupigwa chapa kwa nyuma. Hakuna faida ya tairi la kilo 950 juu ya ringi ya kilo 700.

Upepo. Tairi la 185R14C lenye 102 hufikia kilo 850 zake likiwa na 65. Namba hiyo utaiona imeandikwa ubavuni, ama kama 65 ama kama kilopaskali 450, na ndiyo mwisho wake. Kwa kilo 700 za upande mzito ningelijaza 60, na upande wa kulia vile vile, maana matairi ya ekseli moja hayatofautishwi upepo. Tela halina abiria wa kulalamikia kurushwa. Upepo mdogo ndio unaoua, kwa sababu ubavu hukunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, na kule kukunjwa huzaa moto mpaka mkanda unaachana na mwili wa tairi. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa geji yako mwenyewe. Ukipima mchana njiani utakuta imepanda. Usiitoe hata kidogo, kwa sababu jioni tairi likipoa utakuwa umelipunja.

Vali usiikubali ile fupi ya mpira ya gari ndogo. Nyingi za hizo mwisho wake ni 65, na wewe utakuwa unagusa hapo hapo siku ya jua, kwa hiyo omba ya chuma inayokazwa kwa nati. Wala usikubali kutiwa tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu ati kwa sababu ringi inavuja. Tyubu husuguana na tairi, na msuguano huo ni moto mwingine. Ringi ikivuja, ipigwe msasa mahali tairi linapokaa, kutu itoke, ipakwe rangi.

Kuhusu meno makubwa anayoyataka kaka yako, kinachosukuma mchangani ni gari, si tela. Meno makubwa kwenye tela yataongeza kelele, uzito na moto, hayatakuvusha popote. Ninachokihofia zaidi ni mawe. Ukiacha lami kwenye njia za maweni, matumbawe yale yana makali ya kukata ubavu kama msumeno, kwa hiyo dereva azoee kukata kona kwa upana, kwa sababu gurudumu la tela halipiti pale lilipopita la gari. Hupita ndani yake.

---

Baharia wa Nungwi

Fundi, nimekaa na maneno yako ya mtumba siku mbili, kisha nikaenda kumulika matairi ya tela la boti. Moja ni la 2016, jingine ni la 2011, na lile la 2011 ndilo lenye meno mazuri zaidi. Nimenyamaza.

Lakini hili la kupunguza upepo mchangani silitoi, kwa sababu bila ya hivyo boti haishuki ufukweni.

---

Fundi wa Chake Chake

Wala sikukataza. Mchangani, mwendo wa mtu anayetembea, mita mia mbili tatu, punguza. Tairi halipati moto kwa mwendo huo. Kosa ni kupanda tena lami na 25 hiyo hiyo kwa nia ya kujaza mbele ya safari. Asiye na pampu ndani ya gari asipunguze.

---

Mpemba wa Ughaibuni

Nami niongeze la kukaa, maana dada amesema tela huegeshwa miezi. Kule tulikuwa tukiyafunika magurudumu kwa vifuniko vya turubai ili jua lisiyapige, tukiweka vipande vya ubao chini ya matairi yasilale juu ya udongo mbichi, na tukijaza upepo kamili kabla ya kuliacha. Gunia la mchele litafanya kazi hiyo ya kufunika. Ikiwezekana liinuliwe juu ya mawe chini ya ekseli, uzito uondoke kabisa kwenye mpira. Isipowezekana lisogezwe nusu mzunguko kila mwezi.

---

Mama wa Fuoni

Tumenunua 185R14C 102/100, matatu, tarakimu zake za mwaka huu. Muuzaji wa kwanza alikataa kunigeuzia tairi nilisome, nikaenda kwa wa pili. Kaka yangu amekubali kuhusu meno, ingawa kwa shingo upande, na tangi la maji sasa tutalijaza tukishafika. Mtungi wa gesi umehamishiwa mbele kulia.

Jana tumelijaribu kutoka Fuoni mpaka Makunduchi. Tuliondoka na 60, tukafika na 66 ya moto, hatukuitoa, na leo alfajiri imerudi 60. Katikati ya gurudumu la kulia palikuwa vuguvugu na la kushoto palikuwa vuguvugu zaidi kidogo, kwa hiyo Jumatatu breki ya upande huo itafunguliwa. Nati nilizikaza tena tulipofika Tunguu, na mbili zilizunguka robo.

---

Fundi wa Chake Chake

Hizo mbili uzitazame tena kabla ya kupanda meli. Ukishuka Mkoani, pita hapa Chake, nizione kwa macho yangu kabla hujaelekea Konde.